Grâce wa Wales

Huku Whitehall naangalia mama mmoja mzee wa Kizungu. Namwogesha, nampa dawa, namsikiliza. Jamaa yake ilitoka Wales zamani, na alikuwa anangoja kitu kimoja tu: jiwe jipya la kaburi la jamaa, lenye jina la nyanya wa nyanya yake, yule aliyevuka bahari. Kwenye jiwe la zamani kulikuwa wanaume tu. Fundi wa mawe alishaanza kumsumbua kwa simu.

Jina lilitakiwa kuwa kwenye kopi za kitabu cha kanisa la kule Wales, kilichoandikwa kwa mkono. Bon, karani wao alikuwa na uvivu wa ajabu. William anaandika Wm. Thomas ni Thos. Kwenye mstari wetu, pembeni ya jina la shamba lao, kaweka G, r, na kikulabu kidogo juu. Basi. Na ofisini Wazungu hawa hawa wanatuambia majina yetu ni marefu mno.

Nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu yetu ya maombi. Sisi tukikwama hatutafuti miwani, tunafunga na kuomba. Mama mmoja wa Louisville akaruka chai ya asubuhi, akaona maono: "Ni Grâce." Mama wa Buffalo akathibitisha: "Ni Grâce, dada. Nimeona hata kitambaa chake cha kichwa."

Wote wawili wana binti anaitwa Grâce. Hata mie ninaye. Ukiita Grâce kanisani kwetu, nusu ya kwaya inageuka.

Mama mzee akafurahi mpaka akaimba. Akasema kesho anampigia fundi.

Mie maono naamini. Lakini Roho habahatishi. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitufundisha: karani mvivu umfuate tu, kuna siku ataandika vizuri. Donc nikafunua kurasa. Mbele kidogo, shamba lile lile, mwandiko ule ule, kaandika jina zima: Griffith. Mwanaume. Na pembeni: "na mke wake." Huyo mke ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Hakupewa hata herufi moja.

Asubuhi nikamwambia mama mzee kabla hajampigia fundi. Akageuzia uso dirishani. Mama wa Buffalo alikuwa kwenye spika ya simu yangu, anasikia.

"Basi mke ndiye Grâce, sha. Maono hayakosei."

"Anakosea mwenye kuona."

"Unapinga Roho?"

"Napinga weye."

Mama mzee akauliza tunagombania nini. Nikamtafsiria yote, sikuficha. Akasema, "Sitamwandikia jina la mtoto wenu."

Fundi alipopiga, akamwambia achonge: Griffith na mke wake.

"Mke wake nani?" fundi akauliza.

"Chonga hivyo hivyo," mama mzee akamjibu. "Kila mwenye kupita aulize kama wewe."