Mikono ya Bibi Kwenye Boti

Juzi, ufukweni Forodhani, nilimwona mama mmoja mgeni akimvisha mwanawe mchanga vifuniko vikubwa vya masikio kabla ya kupanda boti ya mashine. Vijana wa boti walicheka, wakasema mtoto kawa rubani. Mimi sikucheka.

Nilikumbuka alasiri moja tukivuka kutoka Tumbatu kwenda Mkokotoni, mimi, bibi yangu na mdogo wangu ambaye alikuwa hata hajaanza kutambaa. Tulikaa nyuma kabisa, kwa sababu mbele maji yalikuwa yakiwarukia watu. Mashine ilinguruma mgongoni mwetu, na harufu ya petroli ilichanganyika na ya pweza mkavu aliyekuwa kwenye kikapu cha Bibi. Alimlaza mtoto sikio moja kifuani pake, la pili akalifunika kwa kiganja, huku midomo yake ikichezacheza. Nikadhani anamsomea dua, kama tulivyokuwa tukisomewa tukishikwa na homa, na wivu ukanijaa.

"Bibi, na mimi nsomee," nilimpigia kelele.

Hakunisikia. Nikamvuta kanga, nikamwonesha kichwa changu. Akatabasamu, akaniegemeza ubavuni, akaniziba sikio kwa mkono wake wa pili. Kelele ikaenda mbali. Nikalala, nikiamini dua imeniingia.

Bibi alivuka hivyo na wajukuu wake wote. Siku hizi nikimwamkia shikamoo, huniangalia mdomo kwanza ndipo aitikie marahaba. Mikono alikuwa nayo miwili tu, na yote ilikuwa masikioni mwetu.