Miche Mitatu Nyuma ya Banda la Bibi

Sisi tuliokulia Kinyangiri kabla simu hazijafika tulikuwa tunaamshwa na baridi. Mwezi wa saba upepo ulikuwa mkavu kiasi kwamba midomo ilipasuka, na dawa yake ilikuwa mafuta ya alizeti yaliyobaki kwenye kikaango. Unajipaka midomo, unajipaka magoti, unashika fagio na kidumu cha maji, unakimbia shule ukiwa unanukia kama vitumbua. Mchakamchaka ulitukuta tumeshachoka. Jioni tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ukafumuka, kisha ugali wa uwele na mlenda, sahani moja watoto watano, na aliyekuwa anapuliza tonge lipoe alilala na njaa. Leo hapa mjini, Mandewa, nawasikia watoto wakiulizwa na mama zao, "Utapenda kula nini?" Nacheka mwenyewe. Sisi tulikuwa tunaulizwa kama tumenawa.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa anafuga kuku. Mwembamba, mweusi, mkali, miguu inamuuma kila masika. Mimi ndiye nilikuwa msaidizi wake wa bandani na aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyotania wajukuu wa kike. Mdondo ulipoingia kijijini, kuku wa majirani waliisha kwa wiki moja. Wa Bibi walibaki wengi, kwa sababu alikuwa na dawa yake. Nyuma ya banda aliotesha miche mitatu ya bangi. Majani aliyaponda akayaweka kwenye maji ya kuku, mengine akayachemsha na kujikanda miguu. Kuvuta hakuwahi. Mvutaji mmoja kutoka kijiji cha jirani alikuja siku moja kuomba kidogo, akafukuzwa na mwiko.

Baba hakujua. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na mwanaume wa enzi zile hakuwa na shughuli nyuma ya banda la kuku la mama yake. Mimi nilijua, maana nilikuwa namwagilia. Nilikuwa darasa la tano.

Kisha mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano. Akatusomea sheria polepole, akirudia kwa Kinyiramba kwa ajili ya wazee. Kulima bangi ni kosa. Kuwa nayo ni kosa. Kuuza, kubeba, kuvuta, yote makosa, na adhabu yake ni jela. Bibi akanyoosha mkono.

"Na ya dawa je?"

"Mama, sheria haijaweka ya dawa," mtendaji akajibu. "Mche ni mche."

Tukarudi nyumbani. Nilidhani ataing'oa siku ile ile. Lakini asubuhi tulikuta tetea wawili wamelala shingo zimepinda, na Bibi akasema atang'oa mdondo ukipita. Nikaendelea kumwagilia.

Polisi walikuja kabla mdondo haujapita. Walikuwa wawili, pamoja na mgambo wetu, wakipita nyumba hadi nyumba. Sijui kama walielekezwa au walibahatisha, ila walikwenda moja kwa moja nyuma ya banda. Mkubwa wao akarudi na miche yote mitatu mkononi, mizizi bado ina udongo, akaiweka mbele ya Baba.

"Balozi, hii ni ya nani?"

Baba akaiangalia. Nilimwona akielewa. Akageuza macho kidogo tu kuelekea kwa mama yake, kisha akasema, "Mji ni wangu. Kilichomo ni changu."

Yule polisi akatoa pingu. Hapo Bibi akainuka kwenye kigoda chake, akajifunga kanga upya, taratibu, kama anakwenda kanisani.

"Afande, usimfunge huyo. Huyo hajui hata mlango wa banda uko upande gani. Miche ni yangu."

"Mama, kaa chini," Baba akasema.

"Sikai. Nimekulea miaka yote hii usiseme uongo, leo unauanza mbele ya serikali?" Akanigeukia. "Mke mwenzangu, waambie ni ya nani."

Kila mtu akaniangalia. Nilijua nikisema kweli Bibi anaondoka, na nikisema uongo Baba anaondoka. Lakini Bibi alikuwa ananitazama kwa macho ya kuniomba.

"Ni ya Bibi," nikasema. "Mimi ndiye ninayemwagilia."

Yule polisi akatuangalia mmoja mmoja, akavuta pumzi. "Nyumba hii kila mtu ni mkulima," akasema, akairudisha pingu mfukoni. Bibi alipanda gari lao mikono ikiwa huru, Baba akapanda pembeni yake. Nililia mpaka mama akaninyamazisha kwa kunipa kazi ya kuchambua mtama.

Mahakamani sikuwepo, lakini Baba alitusimulia mara nyingi. Hakimu alimuuliza Bibi kama alijua ni kosa. Akajibu, "Nilijua, mheshimiwa. Nilisomewa mkutanoni. Kuku walikuwa wanakufa." Hakimu akamwambia sheria haiulizi kama ni ya kuku, ya miguu au ya starehe, na kwamba mwingine angekwenda gerezani. Kwa umri wake, na kwa kuwa hakumsumbua mtu kwa uongo, akampa kifungo cha nje. Afagie zahanati ya kijiji miezi sita.

Alifagia kama anafagia kwake. Alfajiri, kabla wagonjwa hawajafika, uwanja ulikuwa umechorwa mistari ya ufagio. Wengine walipita wakitegemea kumwona amejiinamia. Aliwaamkia wa kuamkiwa, akaitikia shikamoo za vijana, akaendelea. Muuguzi mmoja alipomwona anavyochechemea alimwita ndani, akampima, akampa dawa za miguu. Masika yaliyofuata alitembea mpaka mnadani bila fimbo. Na Baba alipokwenda kwa wananchi kuukabidhi ubalozi kwa aibu ya ile kesi, walimkatalia. Mzee mmoja akasema wazi mkutanoni, "Balozi ambaye mama yake anasema kweli hata akishikwa, tukimwacha tutampata wapi mwingine?" Nilikuwa nimekaa chini mbele pale, na nilijiona mrefu kuliko wote.

Juzi mtoto wa kaka yangu, yuko chuo, alikuja kunitembelea na simu yake. "Shangazi, Bibi mkubwa alizaliwa mahali pabaya. Marekani kuna majimbo daktari anakuandikia, unanunua dukani. Mengine hata ya starehe ruksa kwa mtu mzima. Ukivuka mpaka jimbo la pili, unakamatwa."

Nikamwambia hapa kwetu hakuna jimbo la kuvukia. Ukitoka Singida ukaenda Tabora sheria ni ile ile, na siku hizi imekaza zaidi. Kulima tu kunaweza kukupeleka miaka thelathini. Kama ya dawa iruhusiwe au isiruhusiwe, hilo wataamua wenye kutunga sheria, na mimi nina maoni yangu. Akaniuliza, "Sasa Bibi alikosea au hakukosea?" Nikamjibu alikosea, akakiri, akafagia. Akarudi kwenye simu yake. Kizazi hiki jibu likizidi mstari mmoja linawachosha.

Hata hivyo simlaumu. Hakuuona ule uwanja wa nyumbani kwetu siku ile ya pingu. Mwezi uliopita polisi waliingia mtaa wetu hapa mjini, wakakuta misokoto ya bangi kwenye chumba cha nyumba moja ya familia. Baba wa nyumba hiyo akasema ni ya mtoto, mtoto akasema ni ya mpangaji, mpangaji akasema yeye amehamia jana. Nilisimama dirishani nikiwasikiliza, nikawakumbuka wangu wawili, mama na mwana, wakigombania kosa mbele ya pingu, kila mmoja akitaka liwe lake.