Kikundi Chetu cha Kutulia

Kwa miaka kadhaa sasa nalipwa mshahara ili nitukanwe. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja wa ving'amuzi, na mteja wa king'amuzi hapigi simu kusema picha inaonekana vizuri. Anapiga wakati mpira umekatika penalti inapigwa, na kwa saa hiyo aliyekata ni mimi. Nimeitwa mwizi, nimeitwa mchawi, na baba mmoja mwenye sauti nzito aliwahi kuniambia kwa upole kabisa kwamba wazazi wangu walipata hasara. Mimi hujibu, "Samahani kwa usumbufu, mpendwa mteja," kwa sauti laini kama iliyopakwa mafuta ya nazi.

Nilidhani nimezoea. Kisha moyo ukaanza mambo yake. Nikiwa nyumbani Boko nachambua mchele, simu ya mume wangu ikilia tu chumbani, kifua changu kinadunda kama ngoma ya mdundiko inapita mtaani. Nikaenda zahanati. Daktari, mtu mzima mwenye upole, alinipima, akanisikiliza kifua mbele na nyuma, akasema, "Mama, moyo wako ni mzima. Una msongo wa mawazo. Tafuta kitu cha kufanya kwa mikono, kitu kisicho na faida wala bosi."

Ukitaka kujua una ndugu wangapi, watangazie kwamba una msongo. Dada yangu aliniamuru ninywe maji ya uvuguvugu yenye limau. Shemeji akasema nikimbie alfajiri, yeye ambaye sijawahi kumwona akikimbia hata mvua. Kazini, bosi alitutumia wote picha ya machweo yenye maneno ya kututaka tutabasamu, na kabla sijamaliza kutabasamu akatuma ratiba ya zamu za Jumapili. Mume wangu, ambaye ananipenda, alinishika bega akasema, "Mke wangu, wewe acha tu kuwaza." Kisha akarudi kwenye mpira wake. Nilijaribu kuacha kuwaza. Nikawa nawaza namna ya kuacha.

Kilichonisaidia nilikikuta kwa bahati. Nilikuwa nimekwenda sokoni Tandale kununua maharage na nazi, nikamwona mama mmoja ametandaza mafungu ya ukindu, yale majani membamba makavu ya kusukia mikeka, mengine meupe, mengine yamechemshwa kwenye rangi ya zambarau na kijani. Bibi yangu wa Lindi alinifundisha kusuka nikiwa mdogo. Nilinunua mafungu kadhaa bila kuomba kupunguziwa, hadi muuzaji mwenyewe akanitazama kwa wasiwasi.

Nyuma ya nyumba yetu, kati ya tangi la maji na ukuta wa jiko, jua likishapinda panakuwa na kivuli kizuri. Nilikuwa narudi kutoka kazini, nabadili nguo, nalowanisha ukindu kidogo ulainike, nakaa chini na kusuka ukili, ule utepe mrefu ambao baadaye hushonwa uwe mkeka. Sikuwa na haja ya mkeka. Nyumbani tuna mazulia. Lakini vidole vilikumbuka vyenyewe: juu, chini, pindua, kaza. Baada ya muda nikagundua kwamba simu inalia ndani na moyo wangu umekaa mahali pake.

Aliyenifuma kwanza alikuwa jirani yangu, mke wa mwenye duka. Ni mwanamke wa ukoo wa Kiarabu ambao umeuza mchele na sukari mjini hapa vizazi na vizazi, naye amekulia nyuma ya mizani. Alichungulia pembeni ya tangi.

"Shoga, huku nyuma kuna nini? Mbona siku hizi sikusikii ukigomba?"

"Nasuka."

"Unasuka nini?"

"Hata sijui. Nasuka tu."

Akavua ndala, akakaa. Nikampa nyuzi zake. Alikuwa mwepesi wa kujifunza, na alikuwa na mtindo wake: kila akikaza alitaja mtu. "Huyu ni wifi yangu," alisema, akavuta. "Huyu ni yule anayekopa halafu anapita njia nyingine." Akavuta tena. Ukili wake ulikuwa mgumu kama mkanda wa polisi, lakini aliondoka uso umenyooka. Wiki zilizofuata wakaja wawili watatu wengine, majirani wa mtaa uleule. Hatukuwa na ratiba. Anayekuja anakuja. Mwenye la kusema anasema, na mwenye kutaka kunyamaza ananyamaza. Ndizo siku nilizolala vizuri kuliko zote.

Ndipo akaja Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwalimu mkuu, akastaafu, akajenga nyumba ya pili kutoka kwetu. Ni mwanamke mrefu ambaye hata mbuzi wa mtaani wanaacha kubweteka barabarani akipita. Alisimama mbele yetu na mkoba wake kwapani, nasi sote, watu wazima wenye wajukuu, tukasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mnafanya nini hapa?"

"Tunasuka tu, Mwalimu."

"Mnasuka tu," alirudia, kama anayesoma jibu la mwanafunzi wa mwisho darasani. "Malengo yenu ni nini?"

Tukatazamana. Mke wa mwenye duka akajaribu: "Tunapunguza mawazo."

"Vizuri sana. Lakini mnapunguza bila mpango."

Kabla ya mwisho wa wiki tulikuwa na mpango. Tulikuwa na jina, Kikundi cha Utulivu wa Akina Mama. Tulikuwa na katiba, mwenyekiti ambaye ni Mwalimu, kamati ya nidhamu, na kundi la WhatsApp. Katibu nilichaguliwa mimi, kwa sababu, alisema Mwalimu, "wewe umezoea simu." Kila mwanachama alitakiwa kuripoti kundini kabla ya kutoka nyumbani kama hali yake ni ya kijani, njano au nyekundu. Mwanzoni tulisema kweli. Lakini aliyeandika nyekundu alipigiwa simu na kamati nzima, mmoja baada ya mwingine, mpaka akakubali kuwa kijani. Tukajifunza. Kikundi kikawa kijani kama shamba la mchicha.

Mimi sasa nilikuwa napokea malalamiko mchana kazini na jioni nayapokea bure nyumbani. "Katibu, mbona sare imeamuliwa bila kutushirikisha?" "Katibu, fulani amechelewa kutulia na hajachukuliwa hatua." "Katibu, hili kundi ni la utulivu, anayetuma picha za maiti aondolewe." Mume wangu alitoa kichwa mlangoni siku moja, akaniona nimeshika simu na mkono wa pili umeshika kifua, akauliza, "Unatulia?" Nikamwambia aniache, nina kikao.

Mwalimu akaleta na mtaalamu wa utulivu kutoka Goba. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye suruali nyeupe na spika ndogo iliyotoa sauti za ndege wa mbali. Kunguru wa Boko walizisikia wakaja kujibu kutoka juu ya mabati, na kwa muda ilibidi tusubiri wamalizane. Kisha mtaalamu akasema tufumbe macho na tujione tuko ufukweni.

"Samahani, mtaalamu," akasema mke wa mwenye duka, macho kafumba. "Ufukwe gani?"

"Wowote unaoupenda, mama."

"Mie ufukweni niliporwa pochi."

"Basi jione uko msituni."

"Msituni si kuna nyoka?"

Mtaalamu akavuta ile pumzi ndefu aliyokuwa anatufundisha. "Basi, mama, baki hapahapa."

Ni yeye aliyeshauri tuache kusuka. Alisema kusuka kunaamsha hisia za kazi, na sisi tulikuja kupumzika. Ukindu ukafungwa kwenye kiroba, ukawekwa stoo kwa Mwalimu. Tukawa tunakaa mikono mitupu magotini, tunapumua kwa kuhesabiwa. Nakuapia, hakuna kitu kinachochosha kama kupumua huku mwenyekiti anakutazama.

Moyo ulirudi kudunda. Nikaenda tena zahanati kwa yule daktari. Alinipima, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Mama, wewe uko Boko? Nasikia kuna kikundi kizuri sana cha akina mama huko. Kwa nini usijiunge?" Nikamshukuru, nikatoka.

Kilele kilikuwa siku ya uzinduzi. Mwalimu alisema kikundi ambacho hakijazinduliwa hakipo. Ukakodiwa uwanja mdogo, turubai likafungwa, na mheshimiwa mmoja akaalikwa kuwa mgeni rasmi. Tuliambiwa tufike asubuhi. Tulifika tumevaa sare, gauni la kitenge lililobana pale ambapo mtu anahitaji kupumulia. Mgeni rasmi hakufika asubuhi. Saa sita turubai lilikuwa na joto la jiko la mkaa. MC, ili tusichoke, akafungulia singeli kwa sauti iliyotikisa chupa za maji mezani. Mama mmoja akaanza kuona kizunguzungu. Watoto wakalia. Watu wakaanza kunong'ona, na Mwalimu akasimama, jasho likimtiririka hadi shingoni, akapiga kelele kwenye kipaza sauti:

"Jamani, tulieni! Hiki ni kikundi cha utulivu!"

Mgeni rasmi alipofika tulishasahau kwa nini tunamngoja. Akakaa, akapewa soda, itifaki ikazingatiwa. Nikaitwa kusoma risala. Ilikuwa ndefu, imeandikwa na Mwalimu mwenyewe, na kila kichwa cha habari kilikuwa na neno maendeleo. Nilisimama mbele ya kipaza sauti. Kifua kilikuwa kinapiga hadi nikahisi kitenge kinatikisika. Nikawatazama wale watu wote, wamekasirika, wana joto, wananitazama wakingoja kitu kutoka kwangu. Sura zile nilikuwa nazijua, ila siku zote nilikuwa nazisikia tu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Karibu huduma kwa wateja," nilisema. "Samahani kwa usumbufu. Nikusaidie nini?"

MC akageuka kunitazama. Kisha mke wa mwenye duka, kutoka safu ya nyuma, akapaza sauti: "Picha haionekani, dada!"

Mwingine akadakia, "Na mie yangu imeganda tangu asubuhi!"

Sijui nani alianza kucheka. Najua kwamba yule mama wa kizunguzungu alicheka mpaka vishikizo vya sare vikakatika mgongoni, na akasema afadhali. Mgeni rasmi alicheka hadi soda ikamtokea puani. Mimi nililia na kucheka pamoja, nimeshikilia kile kipaza sauti, na sikuisoma ile risala. Nilivyorudi kukaa nilisikia mwili wangu wote umelegea, kama mtu aliyetua gunia. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama, karatasi za ratiba mkononi, akitutazama kama mtu aliyefika stendi basi limeshaondoka.

Nilijiuzulu ukatibu jioni ileile. Wengi hawakujiuzulu, waliacha tu kuja. Kundi la WhatsApp bado lipo. Siku hizi linatangaza vitumbua na viwanja.

Alasiri moja, wiki chache baadaye, nilikuwa nyuma ya nyumba peke yangu nasuka ukindu mpya. Mwalimu akatokea amebeba kile kiroba. Nilianza kusimama akanizuia kwa mkono.

"Nimewarudishia mali yenu," alisema.

"Ahsante, Mwalimu. Karibu ukae."

Hakuondoka, na hakukaa. Alitazama tangi, akatazama jiko. Mwishowe akasema, "Miaka yote ile nikiingia mahali watu wanasimama. Sasa nikiingia nyumbani kwangu hakuna hata wa kukaa. Nyumba nzima iko kimya. Nikawaona nyie mmekaa hapa. Nilitaka tu mniite."

Kazini ningesema samahani kwa usumbufu. Nilisogea kwenye jamvi, nikampa nyuzi.

Mwalimu ni msukaji mbaya kuliko wote niliowahi kuwaona. Anagombeza ukindu kwa kukosa nidhamu, anauamuru urudi mahali pake, na ukili wake unakwenda upande kama mlevi anayetafuta nyumba. Lakini anakuja. Juzi alikuja mke wa mwenye duka pia, tukakaa watatu. Mwalimu alinyanyua kazi yake juu, akaigeuza huku na huku, akaikagua kupitia miwani.

"Nimekosea tena," alisema, "na nimekosea vibaya."

Akafumua kipande kizima, akaulowanisha ukindu, akaanza upya, na hakuna aliyemsahihisha.