Nilimlisha Shabani kwa Kundi Langu la Damu

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo uliponionyesha kwenye simu hiyo orodha ya vyakula vya kila kundi la damu, mwili mzima umenisisimka. Nilidhani mambo hayo yalikufa zamani, kumbe yamehamia kwenye simu! Iweke chini unisikilize, maana na wewe sasa una mtoto anayeanza kula.

Kaka yako Shabani alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mimi nilikuwa nashusha kabeji kutoka kwetu Mgeta, milimani, kuja kuuza mjini Morogoro, na pale sokoni alikuwapo bwana mmoja wa dawa, koti jeupe, kalamu mfukoni, anagawa karatasi. Akaniuliza kundi langu. Nikamwambia ni A, nililijua tangu kliniki ya ujauzito. Akanisomea: mtu wa A asile nyama, asinywe maziwa, na maharage mekundu, viazi na ndizi vinamharibia tumbo. Siku hizo tumbo lilikuwa linanisumbua kweli, basi nikaona huyu bwana ananijua kuliko mama yangu mzazi.

Ningejinyima mwenyewe yangeishia kwangu. Lakini sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mimi jambo hilo nikalipeleka mpaka kwenye mishipa: Shabani ni wa ukoo wangu, basi damu yake ni yangu na karatasi yangu ni yake. Nikamnyima maziwa, nyama na maharage, akabaki na uji mweupe na mchicha kidogo. Baba yenu akaniambia, "Mama Shabani, mbona mtoto anapauka?" Nikamjibu, "Wewe ni mgeni kwenye damu hii." Naona aibu hata kuyatamka.

Asubuhi moja Shabani hakuinuka. Viganja vyeupe, ulimi mweupe, anahema kama aliyepanda mlima. Tukateremka naye kwa lori la mboga mpaka hospitali. Wakasema damu imekwisha, aongezewe upesi, la sivyo tunampoteza. Nikakunja mkono wa gauni: "Chukueni yangu, mimi ndiye mama yake!" Wakapima. Muuguzi akarudi, akanitazama machoni.

"Mama, wewe ni A, mtoto ni B. Tukimwekea yako tutamuua."

Nikakaa sakafuni. Damu iliyofaa ilikuwa ya baba yenu, yule mgeni. Alinyoosha mkono, na Shabani akapona.

Mjomba wangu Kibwana, mkubwa wa ukoo wetu, alifika mchana na kusikia yote. Hakupaza sauti. "Nani alikutuma utumie ukoo wetu kumnyima mtoto chakula? Muombe mumeo radhi, hapa hapa, nikisikia." Nikaomba nikilia.

Halafu, utashangaa, nikamuuliza muuguzi kama sasa nitafute karatasi ya B. Mama yule alishika kichwa. "Bado tu, dada yangu?" Akanieleza kwamba kundi la damu ni jambo kubwa mtu akiongezewa damu, na kwamba lina uhusiano na baadhi ya magonjwa. Wapo watu ambao alama za kundi lao hutoka hata kwenye mate, na wengine hazitoki, na hilo laweza kufanya vijidudu fulani vya tumbo viwapate wengine kwa urahisi zaidi. "Lakini hakuna kundi linalomkataza mtoto maharage."

Basi nasema wazi, mwanangu. Kundi la damu la mwanao lijue, liandikwe kwenye kadi yake. Ila usimwondolee chakula mdomoni kwa sababu ya orodha ya mtu asiyemjua. Akiumwa tumbo, mpeleke kliniki. Na baba yake akisema mtoto anapauka, msikilize siku hiyo hiyo.

Mungu akukuzie huyo mtoto, ale asichague, akumalizie sufuria kila siku, na wewe ulalamike kwamba chakula hakitoshi.