Mkasi Huhesabiwa na Wawili

Wambea wa mtaani walimwita Mama Hesabu, na jina hilo lilikuwa likinipandisha hasira. Sisi wenye adabu tulimwita Sista, maana alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji mpaka alipostaafu. Mimi nilikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na ukuta wenyewe mwembamba. Akikohoa kwake, mimi kwangu nasema pole.

Chanzo cha jina ni hiki. Mgeni akishakula kwa Sista, kabla hajaufikia mlango, Sista husimama mezani na kuhesabu kwa sauti: "Vijiko sita. Visu viwili. Mkasi mmoja." Mkasi ulikuwa wa kukatia bandeji, wenye ncha butu, zawadi ya wenzake siku ya kuagana. Aliuweka mezani pamoja na vijiko, utadhani nao unakula.

Sasa niambie, mgeni gani atavumilia? Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alivumilia mara mbili. Ya tatu akalipuka: "Mama, unatuona sisi wezi?" Akabeba mtoto wake, huyo, akaondoka. Toka hapo asikanyage tena. Mwana naye akawa anampigia mama yake simu kwa kuibia, akiwa kazini.

Nilimpasha Sista. "Dada, utazeeka peke yako na vijiko vyako!"

Hakukasirika. "Tumbo la mgonjwa halishonwi mpaka hesabu ya vifaa itimie. Mimi naita, mwenzangu anajibu. Siku moja mkasi ulipungua. Daktari anataka kushona, mimi nakataa. Tuliukuta umelala nyuma ya utumbo. Tangu siku ile, mtu akitaka kuondoka, mdomo wangu unahesabu wenyewe."

"Na hapa anakujibu nani?"

"Hakuna." Akaenda kuosha vikombe. Lo, neno lile lilinichoma.

Mwana alibembeleza mpaka mkewe akakubali kuja Jumapili moja. Sista akaniita nikae kando yake. "Nikifungua mdomo, nifinye." Nilimfinya hata kabla hajaufungua. Wageni walikula, wakacheka, wakaaga, na Sista amekalia viganja vyake kama mtoto aliyekanywa.

Tulipoondoa vyombo, mkasi haupo.

"Mpigie mkweo umuulize," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba amekuja na mkasi umepotea?" Alikaa chini. "Mkasi uende. Mjukuu wangu siwezi kumpoteza mara ya pili."

Basi hakupiga. Mkwe naye kimya. Kila jioni nikamsikia ukutani: "Vijiko sita. Visu viwili." Kisha ananyamaza pale palipokuwa pa mkasi. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Mtu gani huyu hawezi hata kulia kwa sauti?

Siku moja mchana, tukiwa tunachambua mchele kwake, hodi! Mkwe, na mtoto mkononi. Akaweka mkasi mezani.

"Mtoto aliuficha kwenye midoli yake. Niliuona siku ile ile. Nikasema, ngoja mama apige, aulize, nami nimpe yake." Akamshusha mtoto chini. "Mbona hukuuliza, mama?"

"Mkasi unanunuliwa," Sista akasema.

Akaenda jikoni kuchemsha chai. Hapo mimi na mdomo wangu nikamweleza mkwe yote: tumbo, utumbo, daktari, na mwenzake wa kujibu. Alinisikiliza huku ameinamisha kichwa.

Tukanywa chai. Walipoinuka kuondoka, Sista akajiziba mdomo kwa kanga. Nami vidole vyangu tayari kufinya. Mkwe akaushusha mkono wa mama mkwe wake polepole.

"Haya mama, ita."

Sista alimtazama, kisha akanitazama mimi msaliti.

"Vijiko sita."

"Sita," mkwe akajibu.

"Visu viwili."

"Viwili."

Sista akaushika mkasi. Machozi yakamtoka, kuita akashindwa.

"Mmoja, mama," mkwe akasema. "Upo."

"Nijibu tena," Sista akasema.