Barua Niliyoinakili Njiani Kwenda Kasulu

Karatasi ya daftari ikikaa muda mrefu juu ya meko hupata harufu yake yenyewe, ya moshi, masizi na mawese, na harufu hiyo haitoki hata ukiianika juani mwezi mzima. Mama alikuwa akizichomeka barua za baba kwenye nyasi za paa la jikoni, juu ya mafiga, ili mchwa wasizifikie. Zilikuwa tatu tu. Mimi ndiye niliyekuwa nikizishusha na kumsomea, na mimi ndiye niliyezijibu, maana kijijini kwetu, kwenye vilima vya juu ya Kabanga, nilikuwa karani wa akina mama wote nikiwa na miaka kumi. Leo naishi ughaibuni, kwenye nchi ya baridi, naandika vitabu, na watu wanaokuja kunisikiliza hupenda kuuliza nilianzaje. Huwa nawaambia kwamba nilianza kwa kumwandikia baba barua iliyomrudisha nyumbani. Wanapiga makofi. Nusu yake ni uongo, na nusu hiyo imeninyima raha miaka yote hii.

Wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wanaume wengi wa kwetu walikuwa Tanga wakikata mkonge, na wake zao walibaki na majembe, watoto na hamu ya kujua kama waume bado wapo. Mwanamke alikuja kwetu na karatasi yake aliyoikunja kwenye kanga, na ndizi mbivu mbili za kunishukuru. Nilikaa wima kama mwalimu mkuu. Nilianza na dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, nikaendelea kwamba ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Hadi salamu ziishe, nusu ya ukurasa ilikuwa imekwenda. Yule mama alizungumza Kiha, akisita, akiguna, akitazama mlangoni, nami nikayapiga pasi maneno yake kwa Kiswahili cha shuleni: watoto wote hawajambo, mvua si mbaya. Shuleni Kiha kilituletea fimbo, kwa hiyo haikutupitia akilini kwamba kinaweza kukaa kwenye karatasi. Nilijiona bingwa, na hakukuwa na mtu wa kunipinga.

Kisha akaja Beata. Ulikuwa mwaka ule watu walipovuka mpaka kutoka Burundi, wengine wakabaki upande wa Kibondo, wengine wakasogea hadi kwetu. Beata alinizidi mwaka mmoja. Alikuja na bibi yake na mdogo wake wa kiume wa miaka mitatu. Baba yao alipotelea njiani, na hatukuthubutu kuuliza alipoteaje. Mama aliwapa nyumba yetu ya zamani nyuma ya migomba. Yule mdogo wake alikuwa na tabia ya kuwafuata wanaume waliopita njiani, akilia hadi arudishwe, na mimi nilidhani ni utundu tu. Mdogo wangu Leo, aliyezaliwa baba akiwa ameshaondoka, alikuwa kinyume chake: akimwona mwanaume alijificha kwenye kanga ya mama. Beata hakujua Kiswahili hata kidogo, na kwa sababu hiyo nilimpenda sana. Nilimfundisha salamu, nikamgawia viazi vyangu. Ulikuwa ule wema unaompa mtu ambaye una hakika hatakufikia.

Kumbe alijua kuandika. Alikuwa amefundishwa Kirundi parokiani kwao, na Kirundi chao na Kiha chetu ni watoto wa nyumba moja. Siku moja jirani yetu, mama Skola, alikaa kwao akichambua maharage, na Beata akachambua naye hadi debe likajaa, bila kuuliza lolote, akisikiliza tu. Ndipo akachukua penseli. Alipomsomea alichoandika, mama Skola alifunika uso kwa kanga akalia, kisha akaomba asomewe tena. Mwezi haukuisha kabla akina mama hawajaanza kupita mlangoni kwetu na karatasi zao wakielekea nyuma ya migomba. Waliniamkia vizuri, “Mwakeye, mwana wanje,” wakipiga makofi taratibu na kuinama kama ilivyo desturi yetu, kisha wakapita. Kila kofi nilihisi ni kibao. Nilikosa hamu ya chakula. Nilimwonea Beata wivu kwa vidole vyake, kwa penseli yake fupi aliyoichonga kwa kisu, hata kwa baba yake aliyepotea, maana niliona ndiye aliyempa hilo jicho la kutazama watu. Nasema haya nikiona aibu, lakini ndivyo nilivyohisi.

Baba yetu alikuwa hajaandika kwa miaka miwili. Watu waliorudi kutoka mkonge walikuwa wakizungumza, na wakimwona mama wananyamaza, na hata mimi nilielewa kwamba huko kuna mwanamke mwingine. Kama baba asingerudi, ndugu zake wangelichukua shamba la migomba, na sisi tungerudishwa kwa wajomba huko Busunzu na vyombo vyetu kichwani. Barua moja zaidi, mama alisema, kisha basi. Nilinoa penseli nikangoja aniite. Hakuniita. Alisubiri niende shule, akaenda kwa Beata.

Jumamosi akanipa ile barua niipeleke Kasulu, kwenye duka la Mzee Shabani, mtu wa pwani aliyekubali barua za kijiji kizima zipitie kwenye sanduku lake la posta. Bahasha ilikuwa wazi kwa sababu gundi ilikuwa dukani. Nilifika kwenye kijito, nikakaa kwenye jiwe, nikaisoma. Haikuwa na dhumuni wala upeo wa macho. Ilianza hivi: ule mgomba uliopanda karibu na mlango umezaa, nimeukata mkungu peke yangu, nimeubeba peke yangu. Na chini yake: mtoto ambaye hujamwona anamwita baba kila mwanaume anayepita njiani. Nilisoma mara tatu. Sikumbuki kama nilimhurumia mama. Nakumbuka nilijiuliza kwa nini maneno haya alinificha mimi, binti yake wa kumzaa, akampa mgeni. Tabia hiyo sikuwahi kuiona kwa mdogo wangu Leo, lakini niliiamini karatasi kuliko macho yangu. Nilitoa daftari langu kwenye mfuko wangu wa shule, nikainakili barua yote herufi kwa herufi, nikitamka kwa sauti kwa kuwa sikuwahi kuiona lugha ya nyumbani imeandikwa. Mwishoni niliongeza: mimi mwanao niliyeandika, na jina langu. Ile ya Beata niliichana, nikaitupa kwenye maji.

Baba alirudi kiangazi, amekonda, na blanketi jipya begani. Jioni ile aliwaita majirani, pombe ya ndizi ikaletwa, akaitoa barua kutoka mfuko wa shati. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo karibu itengane. Alinishika kichwa akasema, “Huyu ndiye aliyenirudisha.” Watu wakapiga makofi. Beata alikuwa amekaa na bibi yake karibu na mlango, akanitazama kidogo tu, kisha akamfuta kamasi mdogo wake. Kesho yake, tukiwa shambani mimi na mama tu, aliacha kulima akaegemea mpini.

“Nenda ukamwambie baba yako, Beata akiwepo. Mimi sitakusemea.”

Nilisema nitakwenda. Nilisema hivyo kesho, na keshokutwa, na wiki iliyofuata. Baba alikuwa akiniita karani wangu, akinipa kipande cha kwanza cha samaki wa mgebuka, na mimi sikuwa tayari kuvigawa. Kisha malori yakaja kuwapeleka wakimbizi kwenye makazi mapya, mbali na mpaka. Beata alipanda na penseli yake nyuma ya sikio. Aliniaga kama kawaida, na mimi nikaaga kama kawaida.

Elimu ilinichukua hadi huku niliko. Kitabu changu cha kwanza kinaanza na mwanamke anayebeba mkungu peke yake, na mtoto wake anayewaita baba wapita njia. Nimekisoma kwenye kumbi nyingi, na kila mahali ukumbi hutulia kwenye sentensi ile ya mtoto. Nimeandika vingine vitano. Hakuna hata kimoja chenye sentensi kama ile, na wasomaji wangu wananiambia hivyo kwa upole.

Mwaka juzi nilirudi kumzika mama. Sokoni Kasulu mwanamke muuza mawese na maharage alinishika mkono kabla sijamtambua. Alikuwa Beata, raia sasa, na wajukuu. Mjukuu mmoja alikuwa amemsomea kitabu changu kilichotafsiriwa, nacho kilikuwa pale juu ya gunia la maharage. Nikamwambia palepale, katikati ya ndoo za mawese, yote niliyopaswa kumwambia baba: kijito, daftari, jina. Alisikiliza huku akimpimia mteja.

“Nilijua siku ileile,” alisema. “Mama yako umemwandika vizuri, dada. Ila yule mtoto si Leo. Ni mdogo wangu.”

Akaniambia kwamba mama alimtuma aandike watoto wote hawajambo, mvua si mbaya. Akaona maneno hayo hayatamrudisha mtu. Mkungu, alimwona mama kwa macho yake akiubeba. Mtoto akamtoa nyumbani kwake. “Nilipomsomea alichukua karatasi akaikunja mwenyewe. Kisha akasema, iache hivyo hivyo.”

Kumbe mama hakunificha kitu. Alitupa sisi wote wawili maneno yaleyale. Nilimuuliza Beata kama aliwahi kuandika tena. Aliandika barua za makazi yote, alisema, hadi simu zilipokuja. Nikawaza zile barua, kila moja na msomaji mmoja, zikitembea kwenye mifuko ya mashati hadi zikatike mikunjo. Vitabu vyangu vinakaa wima kwenye rafu vikiwa visafi.

Nilichukua kile kitabu cha mjukuu, nikakifungua ukurasa wa kwanza, nikampa Beata kalamu. Akafuta mawese mkononi kwa kanga. Aliandika jina lake chini ya langu, taratibu, bila kuinua kalamu. Mwandiko wake bado ni mzuri kuliko wangu, na nilimwonea wivu.