Ganda Lililogoma

Binti yetu Marlys alijifungua mtoto wake wa kwanza huko Missoula, ng'ambo ya mlima, msimu wa kuwinda ulipofunguliwa. Gari tunalo moja, na funguo hukaa mfukoni mwa Orval, mume wangu. Aliniambia nyama ikishaingia kwenye friza atanipeleka. Nami nilijua theluji ikianguka ya kwelikweli, barabara ya mlimani hufungwa mpaka iyeyuke.

Shule sikusoma, lakini risasi za nyumba hii natengeneza mimi. Orval alinifundisha tulipooana, akaniachia jasho, akabaki na sifa. Nakaa karakanani na mashine ya mkono, nabana maganda ya shaba ya risasi zilizokwisha kupigwa yarudi umbo lake, natia fataki mpya, baruti na kichwa cha risasi. Amri yake ni moja: nibane shingo tu, pale kichwa kinaposhikwa, mwili wa ganda nisiuguse, ili lidumu.

Asubuhi moja alirudi mikono mitupu. Dume la kulungu lilisimama wazi mbele yake, akasukuma komeo la bunduki, risasi ikagoma kuingia mpaka mwisho. Akihangaika nayo, mnyama akaenda zake. Hayo aliyasema mbele ya kaka yake Dell, huku akila mayai niliyomkaangia.

"Shemeji," Dell akaniambia, "huyo kulungu anakusalimu. Anasema asante."

Orval hakucheka. Alisema safari ya Missoula nimeiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikaenda karakanani. Nilichukua ganda tupu kutoka ndoo ileile niliyotolea maganda ya risasi zile, nililokwisha kulibana shingo, nikalipaka wino mweusi, nikalitia kwenye bunduki ya Orval. Komeo likagoma. Nilipolitoa, wino ulikuwa umekwanguka begani, pale ganda linapoanza kuwa jembamba. Ganda likipigwa huvimba, likachukua umbo la bunduki iliyolipiga. Maganda yetu hurudi kwenye bunduki yetu bila shida. Hili lilikuwa limevimbia kwenye bunduki nyingine, yenye nafasi zaidi ndani, na kwa kuwa nilibana shingo tu, mwili ulibaki mnene.

Nikamuuliza Dell maganda yake huwa anayatupa wapi. Akajikuna kichwa. Alisema siku yeye na Orval walipotoka kulenga shabaha aliyamwaga kwenye ndoo yangu; si sote ni ndugu?

Nikampa Orval lile ganda na kumweleza; akaligeuzageuza vidoleni.

"Sasa mimi nimekosea wapi?" nikamuuliza.

"Hujakosea." Akaliweka mezani. "Basi yabane yote upya, mwili mzima. Jumamosi natoka tena."

"Na Marlys?"

"Nyama kwanza, Noreen."

Nikabana upya. Jumamosi theluji ilianza alfajiri. Risasi ziliingia bila kinyongo, Orval akaangusha kulungu jike adhuhuri, na jioni redio ikatangaza kuwa barabara imefungwa. Dell alikuja kusaidia kuchuna. Akawasimulia wanaume wote wa bondeni jinsi nilivyoligundua lile kosa, akanisifu kwa moyo mmoja.

Siku hizi wananiletea ndoo zao mpaka mlangoni. "Shemeji, hebu na haya yatazame." Orval huwakaribisha kahawa. Marlys ametuma picha nyingine. Mtoto ameota meno mawili.